Mwimbaji Aliyemwita Chemirocha

Ukitoka Litein kuelekea Kaplong, barabara inakata katikati ya mashamba ya chai, na kabla hujakaa vizuri kitini kondakta ameshaita Kapkatet. Wengi wanaoshuka hapo wana safari ya hospitali, au wanarudi mashambani, au wanabadilisha gari waende Sotik. Katika Kapkatet hii hii, mwaka 1950, Chemutoi Ketienya aliimba mbele ya kinasasauti pamoja na wasichana wenzake wa Kipsigis. Wimbo wao hautimizi dakika tatu. Tangu hapo umesikilizwa na watu wa mbali ambao hawawezi kuionyesha Kericho kwenye ramani, nami nauhesabu kuwa mojawapo ya rekodi bora kabisa zilizowahi kutoka nchini mwetu.

Wimbo unaitwa Chemirocha. Safari ile ya kurekodi ilinasa nyimbo zaidi ya moja zenye jina hilo, nyingine zikiimbwa na wanaume. Huu wa wasichana umeorodheshwa kuwa wa tatu. Nimewasikiliza wote, na wanaume wale si waimbaji wa kubezwa hata kidogo. Lakini ukishamsikia Chemutoi, unarudi kwake.

Jina hilo lina mwenyewe, naye ni mwimbaji. Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897 katika jimbo la Mississippi, Marekani, akafanya kazi ya breki kwenye magari moshi mpaka kifua kikuu kikamwondoa kazini. Agosti 1927 aliingia katika chumba cha kurekodia kilichotengenezwa kwa muda tu mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, na ndani ya miaka sita akawa ameacha nyimbo zaidi ya mia moja. Mwaka 1929 kampuni ya Columbia ilimtengenezea filamu fupi, The Singing Brakeman, akiwa amevaa mavazi ya reli na gitaa mkononi. Alirekodi kwa mara ya mwisho akiwa hoi, akilala kitandani kati ya wimbo na wimbo, kisha siku mbili baadaye, tarehe 26 Mei 1933, akafariki mjini New York. Alikuwa na umri wa miaka 35. Kilichomtofautisha na wenzake ni ile namna yake ya kuirusha sauti: anaimba kwa sauti ya kifuani, halafu ghafla inavunjika na kupaa juu hadi ya kichwani, kisha inashuka tena, bila neno lolote ndani yake.

Sahani zake zilifika nyanda hizi pamoja na gramafoni za Wazungu. Litein ilikuwa na wamisheni wa Africa Inland Mission tangu miaka ya 1920, mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianza muongo huo huo, na upande wa Sotik walowezi walikuwa wengi. Mtu akiwa mtumishi nyumbani, au mpishi, au kijana wa kufungua lango, aliisikia sauti ile ikitoka kwenye sanduku na kuipeleka kwao jioni. Mwimbaji mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa Mississippi miaka mingi. Hapa kwetu ndipo alipoanza maisha mapya akiitwa Chemirocha, jina linalokaa vizuri kabisa karibu na majina yetu kama Chemutai na Chelangat.

Aliyerekodi ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana ili alime tumbaku, akavutwa na nyimbo za Washona waliofanya kazi naye shambani na kuziandama nyimbo za Afrika maisha yake yote. Maelezo yake yanasema wasichana wa Kapkatet walimwona Chemirocha kuwa nusu mtu, nusu swala, na kwamba wimbo unamsihi acheze ile ngoma ya kuruka ya Kipsigis kwa nguvu mpaka nguo zimtoke mwilini. Tracey alimfananisha na Pan, mungu wa Wagiriki wa kale mwenye miguu ya mbuzi. Mfano huo ni wa mtu aliyesoma vitabu vya Ulaya, na naona unawabebesha wasichana wale mzigo wa dini ambao hawakuuomba. Mimi ninachosikia ni uchokozi. Wasichana wamekaa pamoja, wamesikia habari za mwanamume wa ajabu ambaye hakuna aliyemwona, na wanamwita aje awachezee waone itakuwaje. Yeyote aliyekulia karibu na kisima cha maji au kituo cha kununulia majani chai anaujua uchokozi huo. Wasichana huwa nao wakiwa wengi, na kila mmoja akiwa peke yake unayeyuka.

Sasa tuingie ndani ya wimbo wenyewe.

Inayotangulia ni chepkong', ala ya nyuzi ya Kipsigis, ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na litungu la Wabukusu. Noti ni chache, zinazunguka na kurudi zilikotoka, na kila uzi ukiguswa una mkwaruzo mdogo unaobaki hewani kabla ya uzi mwingine kuufunika. Mpigaji haharakishi. Mzunguko wake una mwendo wa mtu anayetembea bila kuitwa na mtu, na kasi hiyo haibadiliki tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwimbaji wa daraja la kawaida angeukalia mdundo huo sawasawa, neno kwa pigo. Chemutoi halali juu ya pigo. Anachelewa kidogo, anauacha uzi ulie kwanza, ndipo anaweka neno. Kuchelewa huko ni kwa kiasi kidogo mno hata usingeweza kukiandika kwenye karatasi ya muziki, lakini ukikiondoa wimbo wote unakuwa kwaya ya gwaride.

Halafu kuna nguvu anayotumia, au tuseme asiyotumia. Waimbaji wengi wakiwekewa kinasasauti mbele yao hupaza. Ni jambo la kueleweka, maana mashine ngeni inatisha na mtu anataka asikike. Chemutoi anaimba kwa sauti ile ambayo mtu humsemesha nayo aliyekaa naye mkeka mmoja. Pumzi inasikika pembezoni mwa maneno. Sauti haina ugumu wa koo wala ule mtetemo wa kujionyesha, na bado haipotei. Kila silabi imefika. Kuimba kwa sauti ya chini bila kushuka chini ya noti ni kazi ngumu kuliko kupaza, kwa sababu nguvu ya mapafu, ambayo huwafichia waimbaji makosa yao, inakuwa haipo. Anayetaka kujua ugumu huo ajaribu mwenyewe, usiku, nyumba ikiwa kimya, kuimba wimbo wowote aupendao kwa nusu ya sauti yake na kuushikilia mpaka mwisho wa mstari.

Na hapo ndipo naona kwamba mwimbaji huyu alikuwa pia mwigizaji. Wimbo ni mwaliko kwa kiumbe asiyekuwepo. Mwigizaji wa filamu angekuwa na uso, mikono, mavazi, na mwenzake wa kumtazama machoni. Chemutoi ana sauti peke yake, na kwa sauti hiyo inabidi atuaminishe kwamba kuna mtu upande wa pili. Mtu akiwa mbali huitwa kwa kelele. Huyu anaitwa taratibu, kwa hiyo masikio yetu yanamweka karibu, labda nyuma ya ua tu, akisikiliza na kujishauri kama ajitokeze au la. Chemirocha anaumbwa na umbali wa sauti ile. Sijui waigizaji wengi wanaoweza kumleta mtu jukwaani kwa njia hiyo wakiwa na taa na mapambo yote.

Tena sauti yake haicheki. Maneno yanachekesha, nguo za mtu zinatakiwa zidondoke, na bila shaka wasichana wale walicheka sana kabla ya kuimba na baada yake. Ndani ya wimbo hakuna kicheko. Sauti imeshikilia uso wake, kama tunavyosema kwa mtu anayesimulia kisa bila kutabasamu mpaka wasikilizaji waishiwe na pumzi. Utani umeachiwa msikilizaji aupate mwenyewe, na anaupata.

Wenzake nao wana sehemu yao. Hawajapangwa katika sauti nne kama kwaya ya kanisani. Wanaimba karibu karibu, mmoja akiwa juu unywele mmoja kuliko mwenzake, mwingine akifika kwenye jina la Chemirocha mapema kidogo. Matokeo yake ni sauti pana yenye kina, ambayo sauti moja iliyonyooka isingeweza kuitoa. Mwalimu mkali angewasawazisha, na akishawasawazisha angekuwa ameua kitu. Wasichana waliozoea kuimba pamoja tangu utotoni, wakichunga na kusenya kuni, wanajua mwenzao atapumua wapi. Hawahitaji kutazamana.

Jambo la mwisho katika ufundi huu ni kile walichokiacha. Jimmie Rodgers alijulikana kwa sauti ile ya kuruka kichwani, na ingekuwa rahisi wasichana kuiiga ili wachekeshe. Hawakuiiga. Gitaa lake halimo, lugha yake haimo, wala tuni yake haimo. Walichukua jina, na ile fununu ya mtu asiye wa kawaida, wakamweka ndani ya mwendo wa Kipsigis, juu ya nyuzi za Kipsigis, na kumtaka acheze ngoma ya Kipsigis. Mgeni alipofika alipewa masharti ya wenyeji.

Ninapomfikiria Chemutoi humkumbuka msichana mwingine wa mwaka ule ule, upande wa pili wa dunia. Misora Hibari alizaliwa Yokohama, Japani, mwaka 1937, binti wa muuza samaki. Mwaka 1949, akiwa na miaka 12, aliigiza na kuimba katika filamu ya Kanashiki Kuchibue akiwa yatima aliyevaa kofia ndefu na koti la mkia kama mwanamume wa mjini, na mwaka 1950, wakati Kapkatet inarekodiwa, alikuwa kwenye filamu ya Tokyo Kid. Nchi yake ilikuwa imeshindwa vita, wanajeshi wa Marekani wamejaa mitaani, na muziki wao ukitoka kila redio. Mtoto yule aliuchukua, akauimba kwa koo la mtu mzima hadi baadhi ya wakubwa wakakasirika wakisema si adabu. Alicheza filamu zaidi ya 150, akaimba kwa miaka 40, na alipofariki Juni 1989 Japani nzima iliomboleza.

Hibari alikuwa na wimbo mmoja wa huzuni, Kanashii Sake, wa mwaka 1966, ambao akiuimba jukwaani machozi yalimtiririka. Ukimtazama kwenye picha za zamani unaona chozi linashuka shavuni na sauti haitikisiki. Noti inabaki palepale. Ni ufundi ule ule wa Kapkatet, umegeuzwa upande: mmoja anaachia chozi lionekane huku sauti imesimama, mwingine anazuia kicheko ili sauti isimame. Wote wawili walijua kwamba hisia ya mwimbaji ikimwagika kwenye koo, ya msikilizaji inakauka.

Tofauti iko kwenye kile kilichobaki. Wa Japani ana filamu na santuri zisizohesabika. Siti binti Saad wa Unguja, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi na akafariki mwaka huo huo wa 1950, ana wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert mwenyewe. Chemutoi Ketienya ana wimbo. Siukadirii kuwa mdogo kwa sababu hiyo. Watu hupima kazi ya msanii kwa urefu wa orodha, na orodha ina maana yake, lakini kuna kazi ambazo ukishazisikia hujiulizi alifanya nini kingine. Hata hivyo inaniuma kwamba sauti kama ile haikupewa nafasi ya kuzeeka mbele ya masikio yetu. Hibari tulimsikia akiwa na miaka 12 na tukamsikia akiwa na miaka 50, koo limekuwa zito na limejaa mambo. Chemutoi tunaye katika umri mmoja tu.

Sifa nyingine imwendee aliyeshika kinasasauti. Tracey alikuwa na desturi ya kukishika mwenyewe mkononi badala ya kukisimamisha mbele ya waimbaji. Alikisogeza karibu na anayetangulia kuimba, akakirudisha kwa waitikiaji, akakiinamisha kwenye ala, akifuata wimbo unakokwenda. Jenereta aliiweka mbali, na waya mrefu ukavutwa hadi kwa waimbaji, ili ngurumo isiingie. Kwa kuwa upande mmoja wa santuri za enzi zile ulikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi, ilimbidi awaonyeshe waimbaji kwa ishara waanze lini na waishie wapi. Miaka miwili baadaye alimrekodi Jean Bosco Mwenda na gitaa lake huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akipiga Masanga, na ukisikiliza rekodi hizo mbili mfululizo utatambua ni mkono ule ule: karibu, bila haraka, bila kumtisha mwenye kazi. Sauti ya chini ya Chemutoi ingeweza kupotea kabisa mbele ya fundi mwingine. Huyu alimfuata alipokuwa, hakumwambia apaze.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, na baada ya kifo chake mwaka 1977 mkusanyo huo ukahamia Chuo Kikuu cha Rhodes. Kwa hiyo sauti za Kapkatet zilikaa kwenye rafu za mbali, zikatoka kwenye sahani zilizonunuliwa na watu wa mbali, wakati kwao wajukuu wa walioimba walikuwa hawajui kuna kitu kama hicho. Miaka kama 65 ilipita kabla maktaba ile, ikishirikiana na Ketebul Music ya Tabu Osusa ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, kuzirudisha rekodi kwa Wakipsigis na kuwatafuta waliokuwa hai miongoni mwa waliorekodiwa. Wapo waliopatikana, wakiwa wazee sana, wakasikia tena nyimbo walizoziimba ujanani. Kurudisha huko kulikuwa haki, na kulichelewa mno. Mwenye sauti anastahili kuisikia sauti yake angali na meno ya kuiimba tena.

Leo Litein haikosi muziki. Stendi ina spika, kila boda ina redio, na studio ndogo za vijana zinatoa nyimbo za Kikalenjin zenye kinanda na ngoma za kompyuta. Sina ugomvi nazo. Walioimba Chemirocha walikuwa wanaimba jambo jipya la siku zao, na hawa nao wanaimba la kwao. Ninachokitafuta katika nyimbo hizi, na mara moja moja nakipata, ni ule ujasiri wa kutopaza. Programu za kurekebisha sauti zimewazoesha waimbaji wetu kwamba noti ikipotea itarudishwa na mashine, hivyo nguvu zote zinakwenda kwenye mlio mkubwa. Mashine inaweza kuinyoosha noti, ila haiwezi kuamua neno lichelewe kiasi gani nyuma ya uzi.

Shuleni hali haiko mbali na hiyo. Msimu wa mashindano ya muziki ukifika, shule za hapa kwetu Bureti huandaa nyimbo za jadi, na ni jambo la kushukuru kwamba mashindano hayo yapo, yenye historia inayorudi hadi miaka ya 1920. Lakini mwalimu anajua kwamba jaji amekaa mbali, ukumbi una mwangwi, na shule inayofuata ina ngoma kubwa kuliko yake. Anawaambia wasichana wapaze. Wanapaza, wanaruka, vumbi linapanda, na wimbo uliokuwa wa watu wanane kando ya kisima unakuwa wa uwanjani.

Mwalimu mmoja tu akithubutu, ningependa afanye hivi kabla ya mazoezi kuanza. Awawekee rekodi ya Kapkatet mara kadhaa bila maelezo. Kisha amsimamishe msichana mwenye sauti ya wastani, si yule bingwa wa kwaya, amwambie amwite mtu asiyekuwepo, lakini amwite kana kwamba yuko nyuma ya mlango wa darasa. Mpigaji wa chepkong', kama bado yupo kijijini mtu anayeijua, aanze mapema na asimsubiri. Kazi ngumu itakuwa kwa waitikiaji. Wamezoea kumeza sauti ya kiongozi wao pindi inapofika zamu yao, na itachukua majuma kabla hawajajifunza kuingia chini yake, kila mmoja na noti yake iliyo karibu na ya mwenzake, wakamwacha asikike.